Fundi wa Viti vya Basi na Gauni la Bibi Harusi

Benchi lenyewe liko nje ya kituo cha mafuta cha Mirja, njia panda ya Ylistaro, kati ya bomba la kujazia upepo na friji la kuuzia barafu. Wazee wanne hulikalia kuanzia saa tatu asubuhi mpaka Mirja aanze kufagia miguuni mwao kwa makusudi. Kikombe cha kwanza cha kahawa unanunua, cha pili unajaziwa bure, na hapo ndipo nchi nzima ya Finlandi inapoendeshwa. Dizeli aliendesha lori la magogo miaka thelathini na nane, na mpaka leo anaongea kama mtu anayeshindana na injini. Rula alikuwa mpima ardhi. Hana jambo asiloweza kulipima wala analoweza kulimaliza. Kanisa alikuwa mtunza kanisa la parokia, kahudhuria harusi mia tisa akiwa nyuma ya mlango na hajaalikwa hata moja. Wa nne ni Taisto, wenzake wanamwita Kiti, kwa kuwa alishona viti vya mabasi na matrekta tangu ujana mpaka kustaafu. Jumatano ile, siku tatu kabla ya Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, na ya harusi ya binti yake, Kiti alifika akiwa na macho mekundu, na nyuzi nyeupe zimemganda suruali nzima.

— Umelala na kondoo? aliuliza Dizeli.

— Nimepinda gauni, alisema Kiti. Alijaribu kuficha tabasamu, likamshinda. Limekwisha. Imebaki pasi tu.

— Limekwisha kweli, au limekwisha kwa maneno?

Kiti hakulipenda swali hilo, maana lilimgusa palepale penye kidonda. Binti yake wa pekee, Reetta, alipokuwa na miaka kumi na mitano, aliahidiwa na baba yake gauni la kipaimara. Baba akasema kesho. Mabasi yakaletwa karakana yanataka viti vipya, akasema keshokutwa. Asubuhi ya siku yenyewe ndipo alipomwambia mtoto kwamba gauni halipo. Reetta akaenda madhabahuni na nguo ya binamu yake, mabega yanamwanguka kama shuka kwenye kamba. Hakulia, hakulalamika, na miaka kumi na mitano hakulitaja tena. Kisha Januari hii akaja jikoni kwa baba yake, akaweka mezani jora zima la satini nyeupe, akasema, "Baba, nishonee." Kiti si mwerevu wa mambo mengi, lakini hilo alilielewa: hapa anapewa nafasi ya pili, na ya tatu haipo.

— Mtoto wa nyoka ni nyoka, alisema Dizeli kwa upole.

— Unamtukana binti yangu?

— Namsifu! Baba fundi, binti naye ana moyo wa kuvaa kazi ya baba. Mimi nilisafiri kwenye kiti ulichoshona, basi la Vaasa. Nilishuka na alama za mshono matakoni, zikakaa mpaka Pasaka.

— Kile kiti bado kipo. Wewe ndiye uliyechakaa.

Kanisa aliweka kikombe chini. Kwa kawaida Kanisa akiweka kikombe chini, kuna mtu atakosa usingizi.

— Mgongoni umetia nini? Vifungo au zipu?

— Zipu.

— Toba! Kiti, umemwua mtoto wa watu. Sikiliza. Bibi harusi akifika katikati ya kanisa, huvuta pumzi. Si hizi pumzi zako za kupandia ngazi. Anavuta ile pumzi ya kuaga kwao. Kifua kinafura hivi! Mwaka wa tisini na mbili ilipasuka zipu moja, mchungaji akadhani ni kinanda kimeanza, akawaambia watu wasimame.

— Wakasimama?

— Wakaimba.

— Yangu haipasuki, alisema Kiti. Ni zipu ya kiti cha trekta.

Dizeli alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Kiti naye alicheka, kisha akaacha. Aliikumbuka ile zipu, ilivyo nene mgongoni mwa mwanawe kama reli.

— Hayo ya zipu ni madogo, alisema Rula. Ulimpima saa ngapi?

— Jioni, akitoka kazini. Mara zote tatu.

Rula alitikisa kichwa taratibu, kama daktari mwenye habari mbaya na muda wa kutosha wa kuzitoa.

— Basi umekwisha. Binadamu asubuhi ni mrefu, jioni ni mfupi. Uti wa mgongo unajikandamiza kutwa nzima. Sentimita moja, moja na nusu. Wewe umempima mtu aliyekwisha kusinyaa!

— Harusi ni saa nane mchana, alisema Kiti.

— Saa nane yuko katikati ya safari. Andika: robo tatu ya sentimita. Unaona ndogo? Haba na haba hujaza kibaba.

Rula alikwisha kutoa kalamu, anachora juu ya karatasi ya kufutia mdomo. Alimchora bibi harusi mara tatu, asubuhi, mchana na jioni, kila mmoja mfupi kuliko mwenzake. Kiti aliinama kutazama. Moyo ulimwenda mbio kwa robo tatu ya sentimita.

— Dawa ipo, alisema Dizeli. Asisimame! Tangu Ijumaa usiku alale chali. Mimi nitawaazima lori, tunamfikisha mlango wa kanisa kalala hivyohivyo, ana urefu wake kamili.

— Kwenye lori la magogo?

— Lina mikanda.

— Mpima ardhi mzima na dereva mzima, alisema Kanisa, na wala hamjafikiria wizi!

Hapo hata Mirja, aliyekuwa akifuta meza ya nje, alisimama. Kila mtu anajua kwamba baada ya chakula marafiki watamwiba bibi harusi na kumficha, na bwana harusi hatarudishiwa mkewe mpaka aimbe, au apasue kuni, au afanye upuuzi mwingine wowote watakaomwamuru.

— Harusi ya binti wa mwalimu, Kanisa aliendelea, wezi walimpitisha dirishani. Bibi harusi akapita. Gauni likabaki.

— Ndiyo maana nasema tia mishikio, alisema Dizeli. Miwili kiunoni, kama ya gunia la viazi. Wezi washike hapo. Nawe uzi gani umetumia?

— Wa viti.

— Mishikio na uzi wa viti, hata winchi haitamdhuru.

— Na mbu? aliuliza Rula. Karamu iko kando ya ziwa, Juni hii! Sketi kubwa vile ni hema. Mbu wakiingia chini, wanatokea wapi?

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Dizeli, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alijiona kapatia.

— Lipake lami ya msonobari kwa ndani, alisema Kanisa. Babu yangu alipaka mashua na alijipaka mwenyewe. Hakuumwa na kitu.

— Hakukumbatiwa na mtu pia, alisema Dizeli.

— Bitana nyeusi siku hizi ndiyo fasheni!

Wakaenda hivyo nusu saa. Rula alitaka gauni lifunguke baadaye liwe mapazia ya sebule, akalipigia hesabu ya madirisha. Dizeli alitaka liwekewe vile vibao vinavyong'aa vikimulikwa gizani, watoto wa shule wanavyovaa, ili wezi wakimpoteza msituni apatikane. Nusu ya mambo hayo Kiti alikuwa anayacheka, nusu nyingine anayaweka moyoni. Mtu asiyelala usiku wa tatu hawezi tena kutenganisha ushauri na wazimu.

Kando ya friji la barafu alikuwa amesimama mama mmoja mwenye koti la mvua la manjano. Gurudumu la gari lake lilipasuka kabla ya daraja, na alikuwa akimngoja fundi. Alikuwa amemaliza mkate wake wa hiliki zamani, lakini alibaki palepale akisikiliza, mdomo wazi kidogo.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Huyo bibi harusi atavaa viatu gani?

— Vyeupe, alisema Dizeli upesi.

— Namaanisha visigino. Virefu au vifupi?

— Vya kike, alisema Kanisa.

Yule mama akamgeukia Kiti.

— Wewe uliyepinda gauni. Alipokuwa anajaribu, alivaa viatu gani?

Kiti aliangalia viatu vyake mwenyewe. Nyumba yake ni kama nyumba zote kutoka hapa mpaka Lapi kule kaskazini: viatu vinabaki mlangoni. Mchungaji huvivua, polisi huvivua, hata daktari aliyekuja siku mama yake alipofariki alisimama kando ya kitanda na soksi. Reetta alikuwa amejaribu gauni lile mara tatu, amesimama juu ya meza ya jikoni, na mara zote tatu alikuwa na soksi za sufu za kijivu. Na jana usiku Kiti alichukua mkasi, akakata pindo sawasawa na unyayo, akapiga mshono mara mbili, akajisifu peke yake kwa sauti.

— Hakuvaa, alisema.

Rula alitazama karatasi yake yenye mabibi harusi watatu, akaikunja, akaitia mfukoni kimyakimya.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Mirja. Wanaume wanne! Tangu saa tatu mnapima uti wa mgongo!

— Maji yakimwagika hayazoleki, Kanisa alimfariji Kiti, akampigapiga bega.

— Hiyo ndiyo faraja?

— Ndiyo niliyo nayo.

Kiti alimgeukia yule mama, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

— Mama, wewe unajua kushona?

— Hapana, baba. Mimi huvaa tu.

Hilo lilimwingia kuliko yote ya asubuhi ile. Wanne walikaa wakapanga zipu, uzi, mishikio, lami na madirisha, na hata mmoja kati yao hakuwahi kumwuliza mvaaji neno. Yeye mwenyewe pia, baba mtu, alikuwa kampima mwanawe mara tatu akiwa na pini mdomoni, na mwenye pini mdomoni haulizi kitu. Aliona aibu, aibu ya kweli, masikio yakamchemka.

Alitoa simu. Cherehani kubwa zilimharibia masikio, kwa hiyo simu yake huwa daima kwenye kipaza sauti, na benchi zima likasogea karibu. Palikuwa na njia rahisi. Angeweza kusema hakuna neno mwanangu, nilikuwa nakusalimu tu, akaenda nyumbani kutafuta uongo wa kumpeleka mpaka Jumamosi. Alizijua njia za namna hiyo, alizipita miaka mingi.

— Reetta.

— Baba? Kuna nini?

— Viatu vyako vya harusi vina kisigino kiasi gani?

— Sentimita nane. Kwa nini?

— Basi gauni ni fupi kwa sentimita nane. Nilikupima na soksi. Nimekwisha kulikata. Kosa ni langu, mwanangu.

Lori la maziwa lilipita barabarani, likaenda mpaka mlio wake ukakatika. Kiti alikuwa ameinama, anaangalia nyuzi nyeupe kwenye magoti yake.

— Kitambaa kipo? aliuliza Reetta mwishowe.

— Kipo. Lakini itanibidi nifumue sketi yote kiunoni nianze upya.

— Siku tatu zinatosha?

— Hazitoshi, alisema Kiti. Nitashona hivyohivyo. Sikupi ahadi yoyote. Nakwambia tu lilivyo.

— Baba.

— Naam.

— Hii ndiyo mara ya kwanza unaniambia kabla ya siku yenyewe.

Kiti alichomoa uzi mmoja gotini, akauviringa kidoleni. Dizeli, ambaye hajawahi kunyamaza hata kwenye mazishi, alikuwa anasoma maandishi ya friji la barafu.

— Bandika kahawa, alisema Reetta, na sauti yake haikuwa kavu sana. Naomba ruhusa kazini, nakuja na viatu. Nitavivaa hukohuko jikoni, juu ya zulia, na usiseme neno. Halafu baba, hao wazee wako wanaosikiliza hapo wabaki hukohuko benchini.

Kiti aliondoka mbio, akaacha kikombe chake kimejaa. Wenzake wakabaki, na hakuna aliyethubutu kuomba kujaziwa.