Neno Nililochelewa Kulirudisha

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wa binti yangu, wakubwa wa reli na ninyi waongoza treni mliokuja na sare zenu, ndugu wageni waalikwa, na majirani zangu mlioacha shughuli zenu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Karatasi hii nimeiandika mwenyewe, na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikwama mnivumilie.

Kesho binti yangu anakwenda nchi ya mbali, miaka mitatu, kuchunguza waongoza ndege wanavyosemezana kazini. Mwezi mzima ananiomba ruhusa, na kila akiniuliza namwambia nina sufuria motoni.

Marehemu baba yake alikuwa mwongoza treni. Si dereva, aliketi ghorofani, mbele ya ukuta wa taa ndogondogo, akiziambia treni zipite wapi na zingoje wapi. Miaka ishirini na miwili niliishi naye nikidhani ananikejeli. Nikisema, "Chumvi imekwisha, lete na sabuni mbili," anasimama mlangoni: "Chumvi imekwisha, nilete na sabuni mbili." Siku moja nikachoka, nikamwuliza, "Hivi nimeolewa na kasuku?" Akanijibu bila kucheka, "Umeolewa na kasuku."

Baadaye binti yake akaenda kukaa chumba kilekile miaka miwili, daftari mapajani, akiandika nani kasema nini, na nani kageuza shingo kabla hajaitwa. Nikamwuliza, mwanangu, kusikiliza watu wakiongea nako ni usomi? Jioni moja akanisomea alichoandika. "Mama, kule hakuna anayejibu 'sawa'. Ukiambiwa njia ya tatu imefungwa, unasema njia ya tatu imefungwa. 'Sawa' haionyeshi umesikia nini. Na aliyesema hatulii mpaka neno lake limrudie."

Nikaweka kisu chini, machozi nikavisingizia vitunguu.

Ndugu zangu, nani ananirudishia maneno siku hizi? Nasimama jikoni nasema chumvi imekwisha, na nyumba kimya. Mwenye kasuku nyumbani kwake asimkaripie.

Lakini hilo silo lililoninyima usingizi. Wiki ya mwisho ya marehemu hospitalini alinishika kidole, akasema, "Mtoto akitaka kwenda kusoma mbali, mwache aende." Nikasema, "Sawa, baba, pumzika." Akaendelea kunitazama. Nikamweka mto vizuri, bado ananitazama. Nikampa maji, hakuyataka. Nilijuaje mimi kwamba alikuwa anasubiri? Miaka mitano macho yale yananifuata, na nilipoelewa yalitaka nini, mwenyewe hayupo.

Mwanangu, simama watu wakuone. Naogopa ndege, naogopa baridi, naogopa uugue kwa watu ambao mikono yao haijui paji la uso wako. Woga huu hautakwisha leo wala kesho, na nikiungoja utakosa safari.

Baba yake, kama unasikia, nimekusikia: mtoto akitaka kwenda kusoma mbali, nimwache aende.

Nawe binti, ukifika tu, kabla hujafungua sanduku, nipigie simu. Rudia hapohapo ulipo, kwa sauti, hawa wote wawe mashahidi.

Waongoza treni, asanteni kwa kumpa mwanangu kiti. Nanyi nyote asanteni kwa kunisikiliza, na mtakaponipa mkono pale mlangoni, tafadhali, asiniambie mtu "sawa".