Kaske Haiazimwi

Benchi yenyewe ni ubao mmoja tu, umelazwa juu ya mabomba mawili mbele ya atelie ya Byiringiro, karakana yake ya vyuma, hapo Kamembe, kwenye njia inayoshuka mpakani. Ukinyoosha shingo unaliona ziwa na nyumba za Bukavu zilivyopandana ng'ambo. Kila asubuhi hukaa hapo wanaume watatu wenye kaske, yale madude makubwa ya kusikilizia muziki yanayofunika masikio, na asiyewajua hudhani wanangoja kurusha ndege. Byiringiro huitwa Papa Chuma, kwa kuwa anachomea milango na madirisha. Donatien, muuza vitenge anayevuka kutoka Bukavu, ni Dokta Besi. Muderhwa kinyozi ni Kilometa, kwa sababu anadai anaweza kukwambia mwimbaji alisimama umbali gani. Kahawa ni ya Maman Nzigire, termosi mbili, na ya pili ikikauka kikao kimefungwa.

Ugonjwa wao ni mmoja: plana. Ni kaske ambayo ndani, badala ya spika ndogo ya kawaida, ina utando mwembamba kuliko karatasi ya sigara, umetandazwa katikati ya sumaku. Wimbo ukija, utando mzima unatetemeka. Na wana sheria moja: kaske ni kama mswaki, haiazimwi. Waliapa mwaka jana, Donatien alipoota vipele masikioni na kila mtu akamshuku mwenzake. Tangu hapo wanalinganisha plana zao kwa maneno matupu. Wanaanzisha wimbo mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu na simu yake na kaske yake, halafu wanagombana.

Asubuhi hiyo Byiringiro hakuwa na hamu ya kugombana. Alikuwa na hofu. Wiki tatu nzima upande wake wa kushoto ulikuwa unafifia. Baba yake alichomea vyuma Bukavu miaka thelathini, akafa hasikii hata radi, na kwake pia mambo yalianzia kushoto. Byiringiro hakumwambia mtu, hata mkewe Mukandori. Njia za kujipima zilikuwepo kumi, lakini anayeogopa jibu haulizi. Alichofanya ni kuacha kugusa meule, ile mashine ya kusagia chuma, kwa ajili ya kelele zake, na milango ya watu ikabaki imeegemea ukuta.

— Tunaweka kwaya, akasema Donatien. Moja, mbili, haya!

Ilikuwa kwaya ya kanisa lao, Byiringiro mwenyewe aliirekodi Pasaka. Wanaume kulia, wanawake kushoto, na kushoto kabisa, karibu na maikrofoni, Mukandori.

— Eeh! Muderhwa akafumba macho. Mukandori iko hapa kwa bega yangu. Mita moja na nusu. Karibu aniombe chumvi.

— Muongo weye, akasema Donatien. Ni mita mbili. Na minasikia mpaka pumzi yenye anavuta mbele ya kuimba. Njo plana hiyo! Papa Chuma, weye unamusikia wapi?

Kulia wanaume walikuwa wanamngurumia. Kushoto, mkewe alikuwa kama mtu wa chumba cha pili.

— Mbali, akasema Byiringiro. Mbali kidogo. Sawa vile iko nyuma ya mulango.

Akajuta palepale. Lakini kijiweni neno halipotei bure, na Donatien alikwisha kuinua kidole.

— Ile njo kalite, ubora yenyewe! Kaske mubaya inakuletea batu bote kwa pua. Kaske muzuri inakupa nafasi.

— Kwa upande moja tu? akauliza Maman Nzigire.

— Upande moja inapumuzika, Maman, akajibu Donatien. Bazee balisema: sikio la kufa halisikii dawa.

— Maana yake?

— Maana yake sikio yenye iko na afya haiombe dawa.

Byiringiro akagugumia kahawa ya moto mpaka ikamchoma ulimi.

— Non, non, akasema Muderhwa. Ni sumaku. Muangalie vile anakaa. Kushoto yake inaangalia Bukavu. Kule kuko mabati, kuko mapikipiki, kuko chuma ya kila namna. Yote inavuta ile sumaku. Sauti inavuka mupaka bila kitambulisho!

— Basi ageuke, akasema Donatien.

Wakamgeuza. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, akakaa ameupa mgongo umati wa barabarani, sikio la kushoto likielekea vilima vya Nyakarenzo.

— Sasa? akauliza Muderhwa.

— Bado.

— Nilijua! Donatien akapiga paja. Nyakarenzo ni migomba. Majani ya mugomba inakunywa sauti. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ninyi banaume hamujue kitu, akasema Maman Nzigire. Mukandori amekasirika, njo ile. Sauti ya mwanamuke mwenye kukasirika haikae mu kaske. Papa Chuma, ulimufanyia nini?

— Lakini balimurekodi Pasaka, Maman! akasema Muderhwa.

— Mwanamuke anaweza kukasirika mbele. Anajuaka yenye utakuya kufanya.

Wakacheka wote. Byiringiro naye alicheka, kwa meno tu. Akavua kaske, akaizungushia waya wake taratibu, akaiweka mapajani mwa Donatien.

— Ikae na weye. Miye nimechoka. Na kule kanisani batafute muntu mwingine wa kushika mashine ya sauti.

Kicheko kikakatika. Donatien aliitazama ile kaske kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani.

— Muntu anachoka na plana?

— Miye nimechoka.

Hapo ndipo aliposhuka Vénantie, kutoka Nyakabuye kwa minibasi, safari yake ya tatu kufuata mlango wake wa chuma. Mara ya kwanza aliambiwa hakuna umeme, mara ya pili aliambiwa disiki ya meule imeisha.

— Aa, mgeni njoo, mwenyeji apone! akasema Donatien. Maana yake ukae ungoje kwanza, mwenyeji hajapona.

Vénantie akakaa. Akapewa kahawa, akanywa nusu, akawasikiliza wakimbembeleza Byiringiro aichukue tena kaske yake, wakirudia mambo ya migomba na mabati ya Bukavu. Mwisho akaweka kikombe chini.

— Samahani. Munabishana kaske ya nani inalia muzuri?

— Njo vile, Maman.

— Tangu lini?

— Miaka mbili.

— Sasa juu ya nini hamubadilishane?

Donatien alitazama kiatu chake. Muderhwa aliishika yake kwa mikono miwili, kama upepo ulikuwa unataka kuichukua. Byiringiro alisogea ukingoni mwa benchi.

— Kuko vipele, akasema Donatien.

— Bado uko navyo?

— Hapana. Vya mwaka jana.

Mwanamke aliyelipa nauli mara tatu hana haya. Vénantie alimvua Donatien kaske yake, akaipangusa kwa pindo la kitenge, akamvisha Byiringiro kabla hajapata la kusema.

Kwaya ilikuwa bado inaimba. Byiringiro alisikia pumzi kwanza, kushoto. Halafu Mukandori akaimba, begani pake kabisa, na katikati ya ubeti akakohoa kile kikohozi kidogo ambacho Byiringiro alikiacha kwenye rekodi makusudi kwa kuwa alikipenda. Akainua upande wa kulia ili ahakikishe. Wanaume wakaondoka wote, akabaki mkewe peke yake, mzima mzima. Machozi yakamtoka na hakuyaficha.

— Minamusikia, akasema. Sikio yangu iko muzima. Ee Mungu, iko muzima!

— Nani alisema juu ya sikio? akauliza Muderhwa.

Akawaambia yote: baba yake, wiki tatu, meule. Maman Nzigire alimsonya kwa kuwaficha jambo hilo, halafu akamjazia kikombe bila kuulizwa. Donatien naye alikuwa ameshavaa kaske ya Byiringiro.

— Lakini hii kushoto yake imekufa!

Akaivua, akaielekeza kwenye jua, akachungulia ndani ya matundu. Humo, mbele ya sumaku, vumbi la chuma lilikuwa limesimama wima, jeusi, limejaa.

— Imeota ndevu! Papa Chuma, unatundikaka wapi hii kitu?

Byiringiro alinyoosha kidole ndani ya atelie. Wote wakageuka. Msumari ulikuwa juu ya meule, hatua moja, na upande wa kushoto ndio uliokuwa ukitazama cheche.

— Soudeur muzima, muchomea vyuma, anatundika sumaku juu ya meule, akasema Maman Nzigire polepole. Na mumekuya kusingizia migomba.

Walicheka mpaka benchi ikalia. Katika kucheka huko Donatien akanyakua kaske ya Muderhwa, akaisikiliza, akachungulia matundu yake pia.

— Kilometa! Hii haiko plana! Iko na spika ya radio!

— Nani alisema ni plana? Nilisema iko sawa vile plana.

Byiringiro alimsamehe kabla hajamaliza. Asubuhi hiyo angemsamehe yeyote. Kaske yake huenda ingesafishika, huenda isingesafishika, hilo halikumuuma hata kidogo. Akamrudishia Donatien ya kwake, akasimama, akatafuta pamba kwenye kabati.

— Mulango yangu? akauliza Vénantie.

— Leo, Maman. Sasa hivi.

— Papa Chuma, ngoja! Donatien alipiga kelele kutoka benchi. Usiwashe hiyo meule! Tumeanza kubadilishana, hatutasikia kitu!

Byiringiro alikuwa ameziba sikio la kulia tu. La kushoto lilimsikia Donatien neno kwa neno. Akamshukuru Mungu, akaliziba nalo, akawasha.