Dirisha Kwa Chumba cha Mabati

Akina mama, asanteni kwa nafasi hii. Mwenyekiti amesema naweza kukaa, lakini wacha nisimame. Kuna wakati singeweza.

Nilitoka magharibi nikaja Kitengela miaka ya tisini ikiisha, nikapata kazi ya kushona nguo kwa kiwanda huko Athi River. Mimi na watoto wangu wawili tuliishi kwa chumba kimoja cha mabati, hakina dirisha, na jiko tukiwashia ndani. Nilipoanza kukohoa nilisema ni vumbi ya vitambaa, maana kiwandani kila mtu alikohoa. Halafu nguo zikaanza kunipwaya. Asubuhi moja nikatema damu.

Ndugu zangu, nawaambia, watu walinihama nikiwa hai. Majirani walikuwa wakiona watoto wangu, wanaita watoto wao ndani. Kazini niliambiwa nikapumzike, sikuitwa tena.

Aliyeendelea kuja ni mama mmoja Mmaasai aliyetuuzia maziwa. Alisimama mlangoni, akanisalimia, "Takwenya." Nikajibu "Iko," sauti haitoki. Akaweka mtungi chini.

"Wewe ni mgonjwa sana. Vaa viatu, twende hospitali."

Ilikuwa TB. Watoto walipimwa, wakapatikana wazima; hapo nililia kwa furaha. Mimi nikapewa dawa za miezi mingi, na huyo mama akakubali kuwa anakuja kuniangalia nikimeza. Zilinisumbua tumbo vibaya. Nilipopata nguvu kidogo nikamwambia, "Yeyo, mama yangu, nimepona. Hizi zingine wacha tu."

Akavuta kiti, akakaa, maziwa ya wateja ikiwa huko nje kwa jua.

"Dada yangu aliwacha hivyo hivyo akiona amepona. Tulimzika. Meza, ama tutakaa hapa mpaka jioni."

Nikameza. Na nikamaliza zote.

Majirani walirudi pole pole. Wauguzi walikuwa wamesema TB inaenea kwa chumba kisichopata hewa, basi tukaenda pamoja kwa mwenye plot kuomba madirisha. Alisema tutaharibu mabati yake. Mpangaji mmoja, fundi, akamwambia, "Nitakata mimi, bure." Akakubali shingo upande. Siku yangu ya kukatiwa dirisha ilipofika, msichana wangu aliruka kitandani na kitabu: "Mama, naona kusoma!"

Nawashukuru wauguzi, na fundi, na yule mama, ambaye amekaa hapa kati yetu na ananikazia macho ninyamaze. Ukikohoa wiki ziende, kapimwe. Na ukisikia jirani anakohoa, usiite watoto ndani. Bisha mlango.