Sungura Mwenye Kuchukia Watu

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la kahawa la Mwanvua hapa Kasongo, kulikuwa na sanduku la barafu lenye vichupa vya dawa za kupimia damu katikati yetu. Ayoubu wa pikipiki alipaswa kulifikisha maabara ya Kabambare kabla barafu haijayeyuka. Wagonjwa kule walikwisha kutolewa damu. Vipimo vyao vilingoja sanduku tu. Lakini Lukumani, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani yake, alifungua kifuniko akasoma maandishi ya kichupa kimoja kwa sauti: «Anticorps de lapin, anti-humain.»

— Anti, ni kukataa, alitafsiri. Corps, ni mwili. Lapin, ni sungura. Humain, ni mutu.

— Kwa hiyo? aliuliza Ayoubu.

— Kwa hiyo humu iko sungura mwenye kuchukia watu.

— Sungura muzima, katika kichupa kama kidole?

— Wamemukausha, alisema François, ambaye sisi tunamwita Radio. Ukimwaga maji, anavimba. Kule Salamabila wanamufuga alinde machimbo.

— Anauma?

— Hapana, yaya Ayoubu. Anakutazama tu, mwili wako unakukataa. Unaambia mukono «inuka», unajibu «sikujui».

— Basi mimi siendi! Niko na watoto wanne. Profesa, beba wewe.

— Mimi? Mugongo wangu haunisikii tangu zamani.

— Munileteeni huyo sungura, alisema Mwanvua akimimina kahawa. Nitamupika na pilipili, tuone nani anachukia nani.

Tukacheka, tukaongezewa kahawa. Ndipo akapita Djamila, laborantine, yaani mpimaji wa maabara, aliyefunga sanduku lile alfajiri.

— Ayoubu! Ungali hapa?

— Mama Djamila, huyu sungura ana shida gani na watu?

Djamila alipoelewa, alicheka mpaka akashika ukuta.

— Hakuna sungura, baba. Ni kitu kidogo kimetoka katika damu ya sungura. Mutu akiugua, mwili unatoa proteini kwenye damu, kama mujumbe wa kuita musaada. Kitu hiki kinakamata mujumbe ule tu, nasi tunajua wajumbe wako wengi ao kidogo. Mutu mwenyewe hakimugusi.

— Si nilisema! alidakia Radio.

— Ulisema nini?

— Nilisema... iko kidogo.

Djamila hakumsikia. Alikuwa ametia mkono sandukuni, ukatoka unachuruzika maji.

— Barafu inabaki kipande kimoja. Kifuniko, muliondoa tangu saa ngapi?

Profesa akavua miwani, akaifuta. Ayoubu alikwisha kuwasha pikipiki, anatafuta kifuniko huku na huku, na sisi sote, bila kutazamana, tukanyanyua vikombe vyetu kutoka juu ya kifuniko hicho.