Safu ya Maelezo

Tangu asubuhi ile seremala alipolala asiamke tena, tovuti ya karakana ilimwangukia mkewe. Leo ameipakata kompyuta ndani ya treni, jedwali la viti vinavyouzwa likiwa wazi, na kijana wa kiti cha pembeni, ambaye hakuombwa ushauri, tayari anautoa.

“Mama, hiyo safu ya maelezo imepwaya kama koti la kuazima. Shika mstari wa pembeni, uvute kushoto, visanduku vitapungua upana.”

Akavuta. Maneno ya marehemu kuhusu stuli moja, ambayo yangetosha kumsifu bibi harusi, yakabanana mstari juu ya mstari. Haraka akaurudisha mstari.

“Mume wangu hakuzoea kubanwa akiongea.”

“Lakini visanduku vyako huku chini vina maneno mawili mawili tu! ‘Kiti. Imara.’ Panaonekana patupu, mama.”

“Acha wateja wajue nani alikuwa msemaji nyumbani, mwanangu.” Akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hakujifuta macho.

Kijana alikuwa bado anabisha treni iliposimama. Safu imebaki na upana wake, na viti vipya sasa anaviandikia mjane mwenyewe.