Morgan Changawa na Tope la Mtongwe Lililoachwa Nje ya Ramani

Ndugu yetu Morgan Jefwa Changawa alizaliwa Kaloleni tarehe 14 Machi 1979, akalelewa Likoni, akasoma Mtongwe, kisha akaenda chuo kikuu, akahitimu elimu ya mazingira mwaka 2004, na tarehe 6 Desemba 2008 akafunga ndoa na Kafedha, wakajaliwa mabinti wawili, Sidi na Linda.

Februari 2023 kampuni aliyoifanyia kazi ilipewa kupima hatari ambayo karakana ya kukata meli kuukuu ingewaletea viumbe wa ufuo wa Mtongwe, naye Morgan akakabidhiwa hatua ya kwanza, kupanga upimaji uanzie wapi na uishie wapi, na kiumbe gani achunguzwe. Aliingia topeni maji yamekupwa, pamoja na kina mama waokotao chaza, akahesabu chaza na kaa, akachora ramani, akawaandika humo na kina mama wenyewe, kwa kuwa ndio wanaowala chaza hao. Wakubwa wake walikuja siku ya bamvua, maji yamejaa hadi ndani ya mikoko, wakasimama na viatu vyao vinavyong'aa, wakaona maji matupu, wakaamuru mpaka wa upimaji uishie kwenye ua wa karakana. Inatia kichefuchefu, jamani, watu wazima kutafuta sumu pale tu wanapojua hawataiona.

Wala hatutampaka marehemu mafuta kwa mgongo wa chupa: Morgan aliutia sahihi mpaka huo. Tangu siku hiyo hakula chaza tena, na akiwaona kina mama wale njiani alivuka barabara.

Agosti 2024 alipatikana na saratani ya ini, na tarehe 3 Februari 2025, akiwa kitandani, aliandika barua ya kuifuta sahihi yake, akaambatanisha ramani yake ya kwanza, Kafedha akaipeleka serikalini kwa mkono wake, na tarehe 19 Februari Morgan akatutoka.

Jana mkurugenzi wa kampuni yake alikuja matangani na shada, akatuomba kwa upole tuiruke sehemu hii, eti marehemu asitiriwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, tumeisoma. Shada lake tumeliweka kule kwenye ua wa nyumba, anakopenda mambo yaishie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Port Reitz, majirani, wenzake wa kazi waliokuja bila kutumwa, na kina mama wa chaza, waliotupikia hapa tangu Jumatano.

Morgan, kina mama hao wamesomewa barua yako. Wanasema walikuwa wakikuona ukivuka barabara, na wamekusamehe. Basi pumzika kwa amani.