Mama Pazia na Ukumbi wa Sinema wa Mtaani

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe aliyekuwa mfuaji nguo wa hospitali. Alikuwa mtoto mkimya, lakini akianza kucheka alicheka mpaka akapaliwa.

Alianza shule mwaka 1958 na alipenda sana kusoma kwa sauti. Alipofika darasa la saba mama yake aliugua, naye akaacha masomo ili awalee wadogo zake wawili. Hakulalamika. Ila hata uzeeni hakupenda kupita mbele ya shule ile asubuhi, watoto wakiwa wanaingia.

Mwaka 1970 aliajiriwa kukata tiketi katika ukumbi mdogo wa sinema uliobanwa kati ya gereji na duka la mikate. Viti vilikuwa vya mbao, feni ilikuwa moja, na mvua ikipiga bati waigizaji walibaki kufungua midomo tu. Watu walikuja hivyo hivyo. Wengine hawakuuliza hata filamu gani. Waliuliza kama kiti chao kiko wazi.

Hapo ndipo alipokutana na mumewe, fundi wa mtambo wa sinema. Siku moja fundi alimuuliza, "Dada, ile ya jana uliionaje?"

"Kaka, mimi mwanzo siujui. Nikimaliza kukata tiketi nakuta watu wameshauana."

Jumatatu iliyofuata, siku ya mapumziko, fundi alifungua ukumbi, akamketisha peke yake katikati ya viti vitupu, akamwonyesha filamu tangu mwanzo. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa mabinti wawili. Mwenye ukumbi alipozeeka aliwaachia wao waendeshe. Marehemu akashona pazia jipya jekundu kwa mkono wake, na jina likamkaa.

Mumewe alifariki mwaka 2009. Ndugu wa mumewe walimshauri afunge ukumbi, maana televisheni zilikuwa zimeingia kila nyumba. Aliwamiminia chai, akawasikiliza, kisha akasema, "Shemeji zangu, nyumbani mtu akilia anaulizwa ana nini. Pale analia gizani, na jirani yake analia, taa zikiwaka kila mmoja anajifuta anaenda zake. Nikifunga, watalilia wapi?"

Jioni nyingi za mwaka ule yeye mwenyewe aliketi kiti cha nyuma kabisa, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alifungua ukumbi siku ambazo hakwenda kusafishwa damu, baadaye Jumamosi tu. Mwezi uliopita, miguu ikiwa imemkatalia, binti yake mkubwa alimpeleka ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Filamu ilikuwa ya kuchekesha. Alipomwona amefumba macho, binti alimwinamia. "Mama, twende nyumbani?"

"Acha, mwanangu. Sitazami. Nawasikiliza watu."

Alifariki tarehe 9 Novemba 2024, asubuhi, mikononi mwa binti huyo. Ukumbi umefungwa tangu hapo. Watu hufika mlangoni, wakasimama kidogo, wakaenda zao.

Ameacha mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu wanne na mdogo wake wa kike. Alale salama mama yetu, na ile nafasi ya utulivu aliyowapa wengine, sasa naye aipate.